Mashine mbili za sukari, namba mbili tofauti: tuamini ipi?

KAKUMA – Unapima sukari asubuhi kwa mashine uliyotumiwa na ndugu aliye ng'ambo, inaonyesha 8.7. Papo hapo unajaribu mashine ya jirani, inasema 11.3. Hujala chochote katikati. Je, moja ni mbovu?

Huenda zote mbili ni nzima. Lakini kwa mtu anayejidunga insulini hilo halitoshi kumtuliza, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua kipimo cha dawa. Akizidisha, sukari inashuka na anaweza kupoteza fahamu. Hatari hiyo imeongezeka tangu Juni 2025, WFP ilipopunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Kenya hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Insulini iliyopangwa kwa mtu anayekula mara tatu ni nyingi mno kwa mtu anayekula mara moja.

Tofauti inayokubalika

Mashine za nyumbani hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013. Kiwango hicho kinataka majibu 95 kati ya 100 yasipishane na jibu la maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83.

Kwa hiyo, ikiwa sukari yako halisi ni 10, mashine moja inaweza kusema 8.7 na nyingine 11.3, na zote zikawa ndani ya kiwango. Ukifananisha mashine na mashine, unafananisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kina kosa lake. Kipimo cha kufananishia ni cha maabara, damu zote mbili zikichukuliwa wakati mmoja kabla ya kula.

Namba za Kongo na namba za Kenya

Wako wanaoshtuka bila sababu. Vituo vingi vya Kongo na Burundi huandika sukari kwa miligramu, yaani mg/dL. Kenya hutumia mmol/L. Aliyezoea kuambiwa 180 akiambiwa 10 anaweza kudhani amepona, kumbe ni kiwango kile kile. Gawanya namba ya miligramu kwa 18 utapata ya Kenya. Tazama herufi ndogo kwenye kioo cha mashine kabla ya kuingiwa na hofu au furaha.

Joto, mikono na upungufu wa damu

Stripu, vile vijiti vinavyopokea tone la damu, zina kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu. Stripu nyingi zinatakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Hapa Turkana jua la mchana hupita hapo, na ndani ya nyumba ya mabati hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2021, utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata joto lililopimwa Dagahaley huko Dadaab, ulionyesha kuwa insulini inaweza kukaa wiki 4 kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Hiyo ilikuwa habari njema kwa wasio na friji. Lakini utafiti huo ulihusu insulini, si stripu. Stripu fuata maandishi ya kopo lake.

Mikono nayo hudanganya. Ukimenya embe kisha ukajitoboa kidole bila kunawa, utapima sukari ya embe.

Sababu isiyosemwa sana ni upungufu wa damu. Damu ikiwa na chembe nyekundu chache, mashine nyingi huonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Mjamzito, aliyetoka kuugua malaria au mwenye selimundu anaweza kuongezewa insulini kwa sukari ambayo hana. Mweleze daktari kama umewahi kuambiwa damu yako ni pungufu, ili akupime maabara.

Mashine bila stripu

Mashine ni rahisi kupata. Gharama iko kwenye stripu, nayo hairudi baada ya kutumika. Tena stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine. Mfadhili akileta mashine za aina moja leo na za aina nyingine mwakani, mgonjwa hubaki na mashine tatu kwenye sanduku na hana hata moja ya kutumia. Akibadilisha kila mara, daftari lake la sukari halieleweki: namba imepanda kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya mashine?

Wakati huu wa kupunguza bajeti, ombi la jamii lisiwe mashine zaidi. Liwe aina moja ya mashine, stripu zake zisizokatika, na siku ya kuzilinganisha na maabara. Hilo linawafaa wakimbizi na wenyeji wa Turkana, kwa kuwa wote hutibiwa kwenye vituo vile vile.

La kufanya sasa

• Tumia mashine moja na uandike jina lake kwenye daftari. Nenda nayo kliniki.

• Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, kisha pima.

• Funga kopo la stripu mara moja. Angalia tarehe ya mwisho.

• Usishirikiane sindano ya kutobolea, hata na mwanao. Homa ya ini aina ya B hupita hapo. Mashine nayo iwe ya mtu mmoja.

• Usibadilishe kipimo cha insulini kwa namba moja ya ajabu. Rudia kupima kwa stripu mpya.

• Ukitetemeka, ukitoka jasho au kuchanganyikiwa, usibishane na mashine hata ikisema 4.5. Kunywa maji yenye vijiko vidogo 3 vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

• Mgao ukipungua nyumbani, mwambie daktari unakula mara ngapi kwa siku. Si aibu. Bila kujua hilo, hawezi kupanga dawa yako sawasawa, hata mashine iwe sahihi namna gani.