Kwa nini sauti ya kitochi haikusikika

Wiki iliyopita, kwenye kipindi chetu cha ushuru wa mazao, tulipokea jumbe nyingi za sauti kutoka vijijini. Tulizozirusha karibu zote zilirekodiwa kwa simu janja. Za kitochi tuliziweka kando, tukisema sauti haifai. Baadaye msikilizaji mmoja akatupigia kuuliza: kwani mwenye kitochi halipi ushuru?

Swali hilo lilituchoma. Afisa aliyekuwa studio alijibu malalamiko ya walio karibu na barabara kuu. Wa ndani zaidi, ambako kizuizi cha ushuru ndiko kilipo, hakuwasikia.

Tueleze kinachotokea. Sauti ikiingia kwenye simu hupimwa mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. CD ya muziki ina sampuli 44,100 kwa sekunde, na studio nyingi za redio hutumia hizo au 48,000. Kitochi kinachohifadhi sauti kwa faili la AMR huchukua 8,000 tu. Kanuni ni kwamba sampuli hubeba mitetemo isiyozidi nusu ya idadi yake, kwa hiyo hapo kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde hupotea. Sehemu kubwa ya sauti ya herufi "s" iko juu ya hapo. Ndiyo maana "sisi tumekula hasara" inaweza kusikika kama "fisi tumekula hasara", na fisi hajawahi kusimamishwa kizuizini.

Wengine, kwa nia njema, hupeleka faili kwa kijana wa kibanda cha kuchaji simu alibadilishe kuwa MP3 au WAV "ili liwe safi". Haliwi safi. Kilichokosa kurekodiwa mwanzoni hakirudi kwa kubadilisha faili. Kinachokua ni ukubwa wake: dakika moja ya AMR haifiki hata KB 100, lakini ikigeuzwa WAV ya kiwango cha CD hufika MB 10 hivi. Bando linaisha, sauti ni ileile. Na MP3 hubana faili kwa kutupa baadhi ya sauti, hivyo kila ukibadilisha upya, kingine hupungua. Kibaya kuliko vyote ni kuchezesha ujumbe kwenye spika ya simu moja na kuurekodi kwa nyingine. Kuusambaza tu kama ulivyo hakuna madhara.

Kwa hiyo tutumieni faili la kwanza kabisa, hata kama ni AMR. Kompyuta zetu zinalifungua, nasi tutalibadilisha mara moja tu. Wakati wa kurekodi, jikingeni na upepo, na kila jina au kiasi cha fedha mkitaje mara mbili.

Upande wetu, tulikosea. Kelele kidogo si sababu ya kumnyima mtu nafasi, ilimradi maneno yanaeleweka. Yasipoeleweka tutampigia aliyetuma, tumuulize, kisha mtangazaji asome alichosema.

Jumbe za kitochi tulizoziacha wiki iliyopita bado tunazo. Zitatangulia kwenye kipindi kijacho, kabla ya afisa kupewa kipaza sauti.