Kaka, eti "except" ni nini?

Huku Kihesa baridi inatafuna mpaka mifupa, mtu ukitaka kuoga asubuhi lazima kwanza ujishauri. Lakini leo sikuja kulalamikia baridi ya Iringa, nimekuja na kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Wanafunzi wa mtaani kwetu wanaamini kwamba mtu akiandika gazetini, basi Kiingereza anakimwaga kama maji. Jamani! Mimi naandika Kiswahili, na cheti changu cha kidato cha nne kina D ya Kiingereza iliyokaa pale inanitazama. Wenyewe hawajui, na mimi sikuwaambia. Kila jioni wakitoka shule wananikuta kwa mama wa maandazi karibu na soko, masweta yamewafika magotini, madaftari kwapani. "Shikamoo kaka." Marahaba. Kabla sijameza chai, maswali.

Mengine nayamudu. Kuna siku ilikuwa "lend" na "borrow". Nikawaambia tatizo liko kwetu: mimi naazima kalamu kwako, na wewe unaniazima kalamu. Neno ni moja, linakwenda na kurudi kama daladala ya mjini. Mwingereza kaweka mawili, anayetoa ana lake na anayechukua ana lake. Wakaelewa, nami nikaagiza andazi la pili kwa raha zangu.

Siku nyingine kijana mmoja alikuwa ameandika insha juu ya mama yake, na ukurasa mzima mama anaitwa "he". Wenzake walicheka mpaka basi, na mimi nilicheka, sitasema uongo. Lakini mwenzenu ana haki yake. Tangu azaliwe anasema "yeye", na Kiswahili hakijawahi kumuuliza huyo yeye ni mwanamume au mwanamke.

Kilichonikosesha usingizi ni ufahamu. Binti mmoja wa kidato cha pili alinionyesha daftari lake, zoezi la kusoma habari na kujibu maswali. Vema tupu! Kumi kwa kumi. Nikamwambia hongera mdogo wangu, haya nisimulie hiyo habari kwa Kiswahili. Kimya. Akatazama chini. Hakujua habari inahusu nini.

Nikataka kujua anafanyaje, akanionyesha bila kuficha. Unachukua neno lililo kwenye swali, unalitafuta kwenye habari, ukilipata unanakili sentensi nzima. Basi. Nikaamua kuwajaribu wote, nikaandika sentensi ya kihuni kutoka kichwani: "The plimp chawed the tolo behind the mbesi." Nikauliza, "What did the plimp chaw?" Wakajibu kwa pamoja, "The tolo!" Wapi? "Behind the mbesi!" Wote wamepata. Haya, plimp ni mnyama gani? Mmoja akasema huenda ni mbuzi. Tulicheka mpaka mama wa maandazi akatufukuza tupishe wateja.

Yule binti hakucheka sana. Wenzake walipotawanyika akabaki. "Kaka, naomba nikuulize, lakini usinicheke. Eti 'except' ni nini?"

Nikamwambia ni "isipokuwa". Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza tena, una hakika?

Kumbe mwenzangu kidato cha pili anakisoma mara ya pili. Ule mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukiuangukia unarudia mwaka, na yeye aliuangukia. Akafungua karatasi za majaribio ya Baiolojia. Swali moja lilisema zote zifuatazo ni kazi za ini "except", halafu majibu manne. Yeye kachagua la kwanza, kutengeneza nyongo. Kosa. Nikamwomba anieleze ini linafanya nini, kwa Kiswahili. Akatiririka! Linatengeneza nyongo, linatunza sukari, linaondoa sumu, na mkojo ni kazi ya figo, ini halihusiki. Jibu analo kichwani siku zote. Anasema alikuwa anashangaa tu kwa nini wanaleta swali lenye majibu matatu sahihi, akadhani ukichagua lolote kati ya hayo matatu ni bahati yako.

Na neno hilo halikai Baiolojia peke yake. Lipo Jiografia, lipo Historia, lipo kila mahali.

Sasa mbona hukumuuliza mwalimu? Akanitazama kama vile mimi ndiye sijasoma. Shuleni kwao, ambako sitakutaja, ukiuliza kwa Kiswahili unasimama mlangoni mpaka kipindi kiishe. Na kuuliza kwa Kiingereza, angeuliza vipi? Sentensi yenyewe ya kuulizia hana. Akaona heri anyamaze.

Wazee walishaliona hili zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, mtu wa Njombe, nyanda zetu hizi hizi, ilipendekeza kidato cha kwanza waanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu ya 2014 nayo ikakifungulia Kiswahili mlango, lakini mtihani wa Baiolojia ukaendelea kuja kwa Kiingereza kile kile. Mimi si adui wa Kiingereza, na watoto wenyewe wanakitaka kwa udi na uvumba, vinginevyo wasingekuja kunisumbua. Ninachogomba ni hicho cha mlangoni. Mtoto aliyesimamishwa kwa kuuliza leo, kesho atauliza tena?

Yule binti aliandika "isipokuwa" kwenye jalada la ndani la daftari, akapiga mstari mara mbili. Siku iliyofuata alikuja na orodha: "unless", "whereas", "respectively". Hiyo ya mwisho nilikimbilia kwa mwalimu mmoja mstaafu jirani yangu, nikarudi kifua mbele kama nilikuwa naijua siku zote.

Alhamisi wanakuja tena. Yule kijana wa mama "he" ameniachia swali: kwa nini "news" ina s mwishoni, halafu wanasema "is" na si "are"? "Wewe si mtu wa gazeti, kaka?" Nimemwambia nina haraka, tutaongea.