Kamba wa Nazi na Mvinyo wa Rangi ya Waridi

Mwana wa ndugu yangu, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya ufuoni huku kwetu, alinijia baada ya magharibi na karatasi mkononi. "Ami," akasema, "nimeambiwa niyahifadhi haya kabla ya Jumatatu." Nikavaa miwani. Ilikuwa orodha ya mvinyo na vyakula vyake, na mstari wa kwanza ulisema kuwa kamba wa nazi huenda na mvinyo wa rangi ya waridi, utokanao na zabibu iitwayo Zinfandel.

Sijapata kuuonja, Mola aniepushie, lakini kusoma si kunywa; basi nikaisoma habari yake. Zinfandel ni zabibu nyeusi ilimwayo sana California. Wamarekani waliihesabu kuwa yao, hata utafiti wa mwaka 2001 ukathibitisha kuwa ni ule ule mzabibu wa kale wa pwani ya Kroatia, Crljenak Kaštelanski, ambao Waitalia nao huuita Primitivo. Wekundu wa mvinyo hutoka gandani, si katika maji ya tunda. Maganda yakiondolewa mapema hubaki waridi tu. Na utamu wake ulizuka kwa bahati: mwaka 1975, katika kiwanda cha Sutter Home, mvinyo ulikwama kuchacha kabla sukari haijaisha, na mwenyewe alipouonja baada ya siku kadhaa akaona utauzika. Na kweli uliuzika.

Ati huenda na vyakula vya pilipili kwa kuwa ni mtamu, hunywewa baridi na kileo chake si kikali. Hapo ndipo nilipoicheka ile karatasi. Kinachopoza pilipili ni utamu na ubaridi. Hao hao wajuzi wa mvinyo huonya kwamba kileo kikizidi, ulimi huzidi kuungua. Basi ukwaju uliotiwa sukari na barafu una kosa gani? Mbona nao una utamu, na una ukali wa kukata mafuta ya nazi? Dafu je? Kamba wa nazi alikuwa na vinywaji vyake hapa pwani kabla ya hoteli hizi kujengwa.

Mgeni asiye wa dini yetu na anywe atakacho, sina ugomvi naye. Neno lenyewe mvinyo tulipewa na Wareno, na divai tukaitoa kwa Wafaransa. Ugomvi wangu ni na wenye hoteli, na sisi wazee pia. Kijana huyu tangu chuoni aijua hadithi iliyowataja watu kumi katika laana ya tembo, miongoni mwao mchukuzi na mmiminaji. Siku ya Ijumaa twamkaripia. Jumamosi hakuna hata mmoja wetu mwenye kazi ya kumpa, na mamake amtazamia yeye. Ni uzito gani kwa hoteli kumwacha achukue sahani, na chupa zikachukuliwa na asiyekatazwa? Na ni nini kinachozuia ukwaju kuandikwa katika orodha ile ile, kwa herufi zile zile?

"Basi nihifadhi, Ami, au nisihifadhi?"

"Kuhifadhi, hifadhi. Kumimina ndiko kwenye neno, na hilo kamwulize shehe, si mimi mtunga mashairi."

Kisha nikaandika chini ya karatasi yake: kamba wa nazi, ukwaju baridi. Akaisoma, akacheka. "Ami, wataniuliza ni wa mwaka gani."