Kusaka vikopo kwa GPS: Mchezo ukifika Ugalla, pini isiwekwe penye mabaki ya kale

Unapewa namba za ramani kwenye simu. Unazifuata hadi kwenye mti au jiwe fulani. Hapo kuna kikopo kimefichwa, na ndani yake kijidaftari. Unaandika jina, unakirudisha, unaondoka.

Mchezo huo, jiokeshingi, ulianzia Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Leo dunia ina vikopo zaidi ya milioni 3. Kule Uingereza vipo hadi jirani na maeneo ya kale ya Waanglo-Saksoni.

Je, huku kwetu?

Ugalla ina nini?

Mto Ugalla una hifadhi ya taifa tangu 2019, upande wa Tabora, jirani kabisa na Katavi. Maji yake yanaingia Malagarasi, na bonde la Malagarasi ndiko iliko Uvinza yenye chemchemi za chumvi.

Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba Uvinza. Walichokuta kinaonyesha watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au 6, wakati uleule Waanglo-Saksoni wanahamia Uingereza. Kwa hiyo mtalii wa simu ana cha kufuata huku, tena si kidogo.

Hofu iko wapi?

Kikopo chenyewe hakina shida. Kanuni za mchezo zinakataza kuchimba, na zinataka ruhusa ya mwenye eneo.

Shida ni hadithi tuliyonayo tayari: "mali ya Mjerumani". Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyo Urithi wa Dunia tangu 2006, watu wameshachimba mapangoni wakisaka dhahabu inayodaiwa kufichwa na Wajerumani. Sasa fikiria mgeni anaonekana na simu, anazunguka jiwe, anainama, anatoa kitu, anaondoka anacheka. Jioni kijiji kizima kinajua "kuna mzigo pale". Kesho yake majembe.

Na ukishachimba, umeharibu. Kigae cha chungu kikiwa ndani ya tabaka lake la majivu kinaeleza umri wake. Kikitolewa na kutupwa pembeni, ni kigae tu, hakina tena cha kukwambia. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba.

Kifanyike nini?

Kupiga marufuku hakutasaidia sana, maana kikopo anaweza kukificha mtu yeyote. Bora kuweka utaratibu mapema.

Kwanza, pini isiwekwe juu ya eneo la kale. Iwekwe stesheni, getini mwa hifadhi au dukani kijijini, halafu maelezo ndiyo yasimulie historia.

Pili, serikali ya kijiji ijulishwe kabla. Wanakijiji wakikifungua kikopo wenyewe na kukuta kijidaftari na kalamu, uvumi unakufa hapohapo.

Tatu, mgeni aongozane na kijana wa pale kwa malipo. Kijana anayelipwa kwa sababu mabaki yapo, atakuwa wa kwanza kumzuia mwenye jembe.

Chumvi ya Uvinza imelisha watu kwa zaidi ya miaka 1,400. Ushahidi wake usije ukaisha kwa wiki moja, eti kwa sababu ya pini kwenye simu.