Uwanja wa Jogoo Road na Haki ya Mitaa Yake

Na Rajabu Athumani

Aghalabu abiria atokaye mjini kwenda Makadara huupita Uwanja wa City bila ya kuugeuzia uso, kwa kuwa kuta zake hazina fahari ya kumvuta mtu, na harufu ya nyama ichomwayo katika soko la Burma, hapo jirani, humshughulisha zaidi. Ilhali hapana kipande cha ardhi katika Nairobi nzima ambacho kandanda la Kenya linadaiwa nacho fadhila kubwa kama hiki.

Zama za ukoloni, serikali ilipowagawa wakazi wa mji kwa rangi zao ikawaweka Waafrika upande wa mashariki, Pumwani na Muthurwa, Shauri Moyo na Kaloleni, uwanja huu uliitwa African Stadium. Baadaye ukaitwa Donholm Road kwa kuifuata barabara, na barabara ilipogeuzwa jina ikawa Jogoo Road, uwanja nao ukafuata; kisha ukawa City, na alipofariki mwanakandanda Joe Kadenge, Julai 2019, ikatangazwa kuwa utaitwa kwa jina lake. Heshima hiyo alistahiki, ila yeye aliyeutukuza kwa miguu yake alistahiki pia uwanja unaochezeka.

Siri ya uwanja ule ni kwamba watu waliuendea kwa miguu. Mtu wa Majengo alikata Shauri Moyo, yule wa nyumba za reli za Makongeni akavuka barabara, wa Bahati, Maringo na Jericho wakateremka makundi kwa makundi huku wakibishana, na kibarua ambaye ujira wake haukumbakishia hata nauli alijipatia nafasi yake upande wa bei ndogo ambao mashabiki waliuita Russia. Kijana aliyeshinda akipiga mpira Kaloleni au Camp Toyoyo alikuwa na yakini kwamba baina yake na mashujaa wake pana mwendo mfupi tu. Hapo ndipo klabu za Abaluhya, iliyoasisiwa 1964, na Gor Mahia, iliyozaliwa 1968 kwa kuungana Luo Union na Luo Stars, zilipojipatia umma wao. Na serikali ilipoamuru 1980 kwamba vilabu viache majina ya makabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, lakini watu wake walibaki wale wale, na njia ya kwendea uwanjani ikabaki ile ile.

Baadaye vikajengwa viwanja vya Nyayo, 1983, na Kasarani, 1987, kisha ukaanza kuinuka uwanja wa Talanta wa watu 60,000, upande wa pili wa jiji. Siupingi ujenzi huo, maadamu taifa lina wageni wa kuwakirimu. Bali nauliza ni kwa nini Gor Mahia, iliyoleta Kombe la Washindi la Afrika mwaka ule ule wa 1987, pamoja na mahasimu wake Leopards, hulazimika kuhamahama hadi Machakos kila viwanja vya serikali vifungwapo kwa matengenezo, na makao yao ya asili yapo pale pale Jogoo Road, yamewekewa zulia la nyasi bandia ambalo lilipochakaa likawa la kumchuna mchezaji goti na kumtegua kifundo.

Jawabu limo katika milki. Uwanja ni wa serikali ya jiji, na vilabu hivi viwili, pamoja na umma wao wote, ni wapangaji wa siku moja moja. Kule Dar es Salaam, klabu ya Yanga wana jengo lao Jangwani na uwanja wao wa Kaunda, hata ukiwa duni. Mahasimu wao Simba wamejitengenezea uwanja wa mazoezi Bunju. Sisi hatuna hata ufunguo wa lango.

Kwa hiyo naliomba baraza la kaunti, kwa taadhima, liukodishe uwanja huu kwa Gor na Leopards kwa pamoja, kwa mkataba wa miaka mingi wenye sharti la kupanda nyasi za asili, kutenga asubuhi za watoto wa shule za Makadara na Kamukunji, na kuyaacha mapato ya langoni yautunze uwanja wenyewe kabla ya kwenda kwingine kokote. Aidha, ardhi yake yote ipimwe na hati yake iandikwe wazi kuwa ni ya michezo, kabla hajatokea mwenye tamaa akaimega. Bajeti ijayo ina nafasi ya kulianza jambo hili, na madiwani wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki, ndio wa kwanza kudaiwa kulisemea.