Winda si Umaskini

Mwandishi mmoja amedai kuwa kulea watoto bila kuchafua mazingira ni anasa ya wenye fedha, eti wanakijiji wafundishwe kwanza. Afundishwe nani? Huku Lumuma, Kilosa, kwenye vitunguu vya kumwagilia, mtoto hubebwa kwa mbeleko, huvishwa winda lililokatwa kwenye khanga kuukuu, na shati la kaka humshukia mdogo wake mpaka kola iishe. Anasa ni pampasi, tena ikitupwa mtaroni inaelea hadi shambani kwa jirani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Pampasi, yenye plastiki tele, ikasalimika.

Sisemi kijijini ni peponi. Moshi wa mafiga unamwingia kifuani mtoto aliyelala mgongoni mwa mama anayesonga ugali. Na kopo la dawa ya vitunguu halifai kuchotea maji, hata ulisugue kwa majivu kutwa nzima. Hapo ndipo fedha inahitajika. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Basi mwalimu wetu atuambie: gesi ikiisha masika, barabara tope tupu, mtungi tukaujaze wapi?