Sakania: anayedai mashini alete mashini

Nyinyi ndugu mliofika kwetu mkikimbia vita na bado munatafuta pa kushika, leo siongei juu ya malori yaliyopanga mustari mpakani. Niko na hasira moja, nitaisema.

Siku hizi hapa Sakania hatujengi kwa matofali ya kichuguu tu. Ofisi za wapitisha mizigo wa duane, vyumba vya wageni, maduka: ndani wanaweka plako, zile bao za jasi zilizofunikwa karatasi, kwenye plafo ao kwa kugawanya chumba. Maungio yake yanawekwa utepe, yanapakwa mastiki mara mbili ao tatu, yanakauka, kisha yanasuguliwa mpaka jicho lisione bao moja inaishia wapi. Kazi hiyo vijana wengi wa familia zilizohama wameijifunza, maana haiulizi diploma. Lakini wakifika kwenye shantie wanaulizwa kwanza: «Mashini yako ya kusugulia iko wapi?» Hana. «Basi, rudi siku utaipata.»

Kijana mumoja wa upande wa Pweto aliniambia hivi: «Yaya, nilikodi mashini siku tatu. Siku ya kwanza umeme haukuwa. Ya pili ulirudi saa kumi ya jioni. Ya tatu nilitumika vizuri, lakini franka zote zikaenda kwa mwenye mashini.» Nikamuuliza nyumbani walikula nini. Akacheka tu.

Mimi nasema: anayedai mashini alete mashini, na umeme wake, na mafuta ya jenereta. Ukuta ni wake, haraka ni yake. Kwa nini deni liwe la mtoto wa watu anayelala kwa jamaa?

Sikatai mashini. Plafo ya ukumbi mukubwa, kuisugua kwa mkono ni kuua shingo ya mtu, na pale mashini inaokoa siku nyingi. Lakini ofisi ya vyumba viwili? Mashini haiingii kwenye kona. Kona inamaliziwa kwa mkono, hata huko Ulaya. Na mtu asiyeizoea akiikandamiza kidogo, inakula karatasi ya plako, ao inaacha miviringo ambayo hauoni mpaka rangi ikauke na taa iwake kwa ubavu. Hapo nani atalipishwa? Munajua jibu. Mkono unakosea pia, lakini unakosea polepole, na vidole vinasikia kosa mbele ya macho.

Mafundi wazee watakuambia kwamba anayesugua sana alipaka vibaya. Spatula ya sentimita 15 kwa kulaza utepe, ya 25 kwa tabaka la pili, ya 30 kwa la mwisho, mastiki nyembamba, kila tabaka pana kupita lile la chini. Ukifanya hivyo, msasa wa 150 unapita kama salamu. Spatula tatu, beseni, sifongo, msasa na kipande cha ubao wa kuuzungushia: vyote vinaingia mufuko mumoja. Aliyekwisha kutoka nyumbani usiku na watoto mukononi anajua maana ya mufuko mumoja.

Halafu vumbi. Mwaka 1999 taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilitangaza kwamba wasugua plako walikuwa wanapata vumbi mpaka mara 10 ya kipimo kinachoruhusiwa na sheria yao. Ndani ya mastiki kunaweza kuwa na silika, na silika inaharibu mapafu. Walipofunga kifaa cha kusugulia kwenye mashini ya kunyonya vumbi, vumbi lilipunguka kwa asilimia 80 mpaka 97. Basi niambieni: zile mashini za kukodi nilizoona hapa, bomba la kunyonya liko wapi? Nimeona mashini bila bomba, na kijana aliyefunga kipande cha kitenge kwenye pua. Mkono mkavu pia unatoa vumbi, sidanganyi. Lakini sifongo yenye maji, iliyokamuliwa vizuri, inalainisha mastiki na vumbi linabaki kwenye beseni. Inakwenda polepole, na usiloweshe karatasi. Ni hayo tu.

Na nyinyi munaogawia wahamaji vifaa vya kazi: mashini moja kwa vijana kumi inaleta ugomvi. Kwa bei hiyo nunueni spatula, kila mumoja apate zake tatu, na maski ya kweli.

Yule wa Pweto amerudi kupiga matofali. Spatula zake amezifunga kwa kitambaa chenye mafuta zisishike kutu. Mwenye plafo ndogo ya kumalizia apite redioni aache jina lake, nitamwita siku hiyohiyo.